Mhina wa Uani: Kutoka Likoni hadi Msambweni

Sifa zote njema ni za Allah Subhanahu wa Ta'ala, ateremshaye mvua akaihuisha ardhi baada ya kufa kwake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu zangu wasomaji, na khasa nyinyi kina mama ambao ndio wasimamizi wa nyua za nyumba zetu, makala ya juma hili ni ya safari. Si safari ya mbali. Ni njia tuijuayo sote, itokayo kivuko cha Likoni ikaelekea kusini kupitia Ng'ombeni, Waa, Tiwi, Ukunda na Gazi hadi Msambweni, mwendo wa kiasi cha kilomita 50. Nimeipita njia hii kwa miaka mingi nikiitwa kwenye darasa, nikahi na maziko. Mara hii nilishuka matatu mji baada ya mji, nikapiga hodi kwa watu ninaojuana nao, na kila nilipokaribishwa nilikuwa na suala moja: katika ua huu, mhina ungalipo?

Huenda msomaji akastaajabu sheikh kuulizia mti wa mapambo. Sababu yenyewe ni hii. Haupiti msimu wa harusi ila nitaletewa suala ambalo walimu wetu hawakuwa wakiulizwa: "Sheikh, binti yetu alipakwa hina na piko. Mikono imefura, imetoka malengelenge na kuchubuka. Atatawadhaje?" Jawabu kwa madhehebu yetu ya Shafii li wazi. Ataosha sehemu iliyo nzima, na kwa ile yenye jeraha ambayo maji yataidhuru, atatayamamu. Ama suala la pili, ambalo haniulizi mtu, ni zito zaidi: vipi pambo tulilolirithi kwa heri na furaha limefika kuwa sababu ya jeraha? Hilo ndilo nililolifuata njiani.

Waa: ua la ua

Lugha yetu ina neno moja lenye maana mbili. Ua ni lile la mti, na ua ni ule wa nyumba, mahali penye sitara ambapo mama hupika, huanika na huzungumza na jirani yake bila ya kuonekana na mpita njia. Mhina ulikuwa ukizikutanisha maana zote mbili. Katika nyumba za zamani za Waa na Ng'ombeni bado utauona umepandwa pembezoni mwa ua, aghalabu karibu na pale panapomwagwa maji ya kunawia, ili hata maji hayo yasipotee bure. Mahali pengine umepandwa kwa safu, ukashonana, ukawa ndio ua wenyewe, kwani matawi yake makuukuu huwa na miiba, wala kuku na mbuzi hawapenyi kwa urahisi.

Mhina si mti mkubwa. Ukiachiliwa hufika mita 3 au zaidi, na ukikatwakatwa hukaa kichaka cha kimo cha mtu. Majani yake ni madogo, yamekabiliana mawili mawili kitawini. Maua yake nayo ni madogo, yana petali nne, rangi yake ni ya maziwa au manjano hafifu, na hutoka kwa vishada vizito. Kwa mbali si ua la kuvutia macho. Lakini lisogelee jua linapokuchwa, upepo wa bahari unapotulia, utaijua thamani yake. Harufu yake ni tamu na haisumbui kichwa. Waarabu wamelipa ua hili jina la peke yake, faghiya, jambo ambalo hawakulifanyia kila ua.

Mzee mmoja wa hapo Waa aliniambia kwamba zamani mtu akioa akajenga, kitu cha mwanzo kuletewa na mamake mkwe ni kijiti cha mhina. Sikusudii kulifanya hilo kuwa kanuni ya pwani yote. Lakini nimelipenda, kwa kuwa lina hekima ndani yake: nyumba mpya ilianza na kitu kinachoota.

Tiwi na Ukunda: kabro na pakiti

Ukishapita Kombani, penye njia panda ya kupanda Kwale, mandhari hubadilika. Kuanzia Tiwi hadi Ukunda viwanja vimekatwa vidogo, nyumba zimesongamana, na kuta za mawe zimechukua pahala pa nyua za makuti na miti. Si jambo la kulaumiwa, kwani watu wameongezeka na kila mtu anatafuta stara yake. Hata hivyo katika nyumba nyingi nilizoingia nilikuta ua mzima umetandazwa kabro au saruji, kutoka mlangoni hadi ukutani, pasi na shimo hata la mti mmoja. Mchana ua huo huwa kama kikaango, na usiku hurudisha joto lile lile madirishani.

Nilipouliza kuhusu mhina, jawabu lilikuwa karibu moja: "Tulikuwa nao, ukakatwa tulipojenga. Sasa twanunua dukani." Na kweli, dukani hina ipo. Ipo ya unga katika pakiti, ipo iliyokwisha kukorogwa ikatiwa katika koni za plastiki. Nyingi katika hizo zatoka nchi za mbali, na ziko zilizo nzuri. Shida ni kwamba koni nyingi hazina maandishi ya kueleza kilichomo, na pembeni yake huwekwa kipakiti cha piko kwa anayetaka weusi.

Hapa yafaa tueleze, maana wengi huifanya piko kuwa ni aina ya hina. Sivyo. Piko ni rangi ya nywele itengenezwayo kiwandani, na kinachoifanya iwe nyeusi ni dawa iitwayo kwa ufupi PPD. Katika nchi za Umoja wa Ulaya dawa hiyo huruhusiwa katika rangi za nywele tu, kwa kiasi kisichozidi asilimia 2 katika kile kinachopakwa, wala hairuhusiwi kupakwa ngozini. Kwetu bibi harusi hupakwa kutoka vidoleni hadi juu ya kiwiko, akakaa nayo saa kadhaa. Wapo wasiodhurika siku hiyo. Wapo ambao ngozi huwasha, ikafura na kutoka malengelenge, na mchoro ukageuka kovu. Na mwili ukishaikataa PPD mara moja, aghalabu huikataa maisha yote. Miaka mingi baadaye mwanamke huyo akipaka rangi ya nywele nyeusi, uso huweza kumfura hata macho yakafumba.

Hina safi haiwi nyeusi ngozini. Jani la mhina lina rangi yake ya asili, na rangi hiyo huanza kama chungwa, ikakolea kwa siku moja au mbili hadi kuwa nyekundu iliyokaribia hudhurungi. Anayekuahidi weusi wa makaa kwa saa moja, ewe binti, hakupi hina.

Diani: bustani za wageni

Kutoka Ukunda nilishuka Diani hadi kaskazini mwa ufuo, mahali Mto Mwachema unapoingia baharini, nikaswali adhuhuri katika Msikiti wa Kongo. Wengi wenu mnaujua: jengo la kale la mawe ya matumbawe, limezungukwa na mibuyu mikubwa, limepita karne nyingi na bado husaliwa. Mtu akikaa hapo baada ya swala hukumbuka kuwa Uislamu wa pwani hii si mgeni, na kwamba waliotutangulia waliacha jengo na wakaacha miti.

Kutoka hapo barabara ya Diani hukupitisha mbele ya mahoteli na majumba ya kifahari. Kuta zote zimefunikwa na bogonvilia, nyekundu, zambarau na ya chungwa. Ni mmea mzuri, nao si wa kwetu kwa asili. Ulitoka Amerika ya Kusini, na jina lake ni la baharia Mfaransa, Bougainville, aliyezunguka dunia katika karne ya 18. Rangi ile tunayoiona si ua hasa, bali ni majani yaliyogeuka rangi yakalizunguka ua dogo jeupe la katikati. Harufu haina.

Sina ugomvi na bogonvilia, kwani haidai maji mengi, na kila alichokiumba Allah kina hekima. Lililonishughulisha ni watunzaji wake. Wanaozikata, kuzimwagilia na kuzifagilia bustani zile wengi wao ni vijana wetu wa Mwabungo, Kinondo na Ukunda. Wanajua tawi lipi likatwe na mwezi gani. Nilimuuliza mmoja wao nyumbani kwake ana mti gani wa maua. Alicheka akasema, "Sheikh, nikirudi jioni nimechoka, nani atamwagilia?" Nikamwambia: upo mti usiotaka umwagilie, na bibi yako alikuwa nao.

Gazi: mti hulipa

Gazi ni mji mdogo wenye historia kubwa. Hapa ndipo palipokuwa makao ya Mbaruk bin Rashid al-Mazrui, aliyepigana na Waingereza katika mwisho wa karne ya 19. Leo Gazi yasifika kwa jambo jingine. Watu wake wamejifunza kuihifadhi mikoko yao, na tangu mwaka 2013, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, mikoko hiyo huwaingizia fedha kwa ajili ya hewa ya ukaa inayoihifadhi, na fedha hizo zimetumika katika maji na shule za kijiji. Kina mama nao wamejenga daraja la mbao lipitalo ndani ya mikoko, ambako wageni hulipa kutembea.

Nimeyataja haya kwa sababu ya funzo lake. Mikoko ile ilikuwepo siku zote, ikikatwa kwa kuni na majengo. Kilichobadilika ni namna watu walivyoitazama. Mhina nao ni hivyo hivyo. Huko Sojat, katika jimbo la Rajasthan nchini India, nchi kame kuliko Kwale, wakulima hupanda mashamba ya mhina kwa kutegemea mvua tu, wakavuna majani mwaka baada ya mwaka, na unga wake ukauzwa dunia nzima, hata madukani kwetu Ukunda. Sisi tunanunua kutoka mbali jani ambalo lingeota nyuma ya jiko.

Msambweni: kwa bibi

Msambweni nilipokewa na kijana niliyemsomesha juzuu alipokuwa mdogo. Baada ya alasiri alinipeleka kwa nyanyake, mama mtu mzima sana, ambaye uani kwake mna mihina minne yenye vigogo vinene kama mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu sheikh. Nimeambiwa wauliza mihina. Kuna nini, wataka kuoa?"

Wajukuu wakaangua kicheko, nami nikacheka nao. Kisha nikamweleza niliyoyaona njiani. Akanyamaza, akamwita mjukuu mmoja, msichana wa miaka kama kumi na saba, akamwambia avute ukono wa nguo. Juu ya kifundo cha mkono palikuwa na mchoro wa ua, umeinuka kama kamba, rangi yake imepauka kuliko ngozi iliyouzunguka. "Hii ni ya harusi ya binamu yake, mwaka jana," alisema bibi. "Mihina minne hii hapa, na yeye akaenda kupakwa ya dukani kwa kuwa wenzake walitaka nyeusi."

Msichana hakusema kitu. Bibi naye hakumkaripia. Alimpa kikapu akamwambia akachume, nasi tukaangalia. Yule binti alichuma majani machanga ya juu na kuyaacha yale makavu ya chini, na alipomaliza bibi akamweleza hatua zote mbele yetu, polepole, kama mwalimu anayekaririsha sura.

Majani huanikwa kivulini siku mbili tatu, yasipigwe na jua kali, mpaka yakatike yakifinywa. Hutwangwa kinuni, yakachungwa kwa kitambaa chepesi, kisha hutwangwa tena mpaka unga uwe laini kama poda. Hukorogwa kwa maji ya ndimu au ya ukwaju, au chai kavu iliyokolea, ukawa uji mzito, ukafunikwa saa kadhaa hadi rangi iachie. Hupakwa, ikakaa usiku kucha, asubuhi ikabanduliwa bila ya kukimbilia maji. Unga unaobaki hutiwa katika kopo lisiloingia hewa wala mwanga.

"Na mti wenyewe waufanyia nini?" nilimuuliza.

"Siufanyii kitu. Mvua ikinyesha wanywa, kiangazi wanyamaza. Mimi huukata tu usije ukanichoma miiba."

Namna ya kuupanda

Masika yanakaribia, na huu ndio wakati wake. Nimeyakusanya hapa niliyoyapata kwa bibi huyo na kwa wengine wenye mihina, ili mwenye nia asikose pa kuanzia.

Pata kijiti kutoka mti ulio hai na wenye afya, unene wa kalamu ya risasi, urefu wa shibiri moja na ushei. Kisiwe kichanga cha kijani kabisa, wala kikuukuu. Ondoa majani ya chini, ukizike thuluthi mbili ardhini mvua za mwanzo zikishalainisha mchanga. Vijiti vitatu au vinne ni bora kuliko kimoja, kwani vingine havishiki. Mbegu pia huota, lakini ni ndogo sana na zataka subira.

Chagua mahali penye jua. Ardhi yetu ya mchanga na mawe ya matumbawe haiudhuru, ila maji ya kutuama huuoza mizizi. Penye mawe, chimba shimo la dhiraa moja, utie samadi iliyooza iliyochanganywa na mchanga. Ukitaka uwe sitara ya ua, acha nusu mita baina ya mti na mti. Ukitaka kichaka kimoja cha maua, kipe mita 2. Mwenye ua wa kabro aondoe matofali manne tu pembeni mwa ukuta, yamtosha.

Miezi miwili ya mwanzo, mvua zikikatika, mwagilia kila baada ya siku moja. Kiangazi cha mwaka wa kwanza usiusahau kabisa. Baada ya hapo uache na mvua za Mola wake. Maji mengi na mbolea nyingi huuzidishia majani, na rangi ikawa hafifu. Ukate mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na baada ya vuli, nao utatoa vitawi vipya vyenye majani ya kuchuma. Lakini usiukate wote kwa pamoja. Acha upande mmoja uchanue, kwa sababu maua hutoka kwenye ncha, na nyuki nao wana haki yao. Mwaka wa kwanza usichume. Uache ujenge mizizi.

Hukumu chache za kukumbuka

Hina ni pambo la mwanamke wa Kiislamu, na mwenye mume akijipamba kwa ajili ya mumewe hupata thawabu kwa nia yake. Mwanamke aliye katika eda ya kufiwa na mume, miezi minne na siku kumi, hujiepusha nayo pamoja na manukato. Rangi iliyobaki ngozini haizuii udhu, ila uji uliogandamana lazima uondolewe kwanza ili maji yafike. Wanaume hawajipambi nayo mikononi na miguuni, lakini kupaka mvi za ndevu ni sunna ijulikanayo, na Mtume (S.A.W.) aliitaja hina miongoni mwa vilivyo bora kwa kazi hiyo. Imepokewa pia, katika mapokezi ya Tirmidhi na Ibn Majah kutoka kwa Salma aliyekuwa akimhudumia, kwamba alikuwa akiitumia kwa jeraha na mchomo wa mwiba.

Watoto wachanga wasipakwe hina, hata ikiwa safi. Wapo watoto wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD katika damu, hali ipatikanayo sana katika nchi zenye malaria kama pwani yetu, na hina ikipita katika ngozi yao laini huweza kuvunja chembe nyekundu za damu, mtoto akawa manjano na hali yake ikawa ya hatari. Furaha ya arubaini yatosha kwa dua na aqiqa.

Na kwa wale wanaochora hina kwa ujira, hii ni kazi ya halali na ya heshima, lakini ni amana. Mteja hukupa mkono wake akiwa amefumba macho. Usimpake usichokijua, na akikuomba piko mueleze ukweli, hata kama ataondoka. Sharia yetu imesimama juu ya msingi kwamba mtu asijidhuru wala asimdhuru mwenzake, na msingi huo hauishii msikitini.

Katika hadithi sahihi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas (R.A.), Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Tazameni basi, kina mama: kijiti kimoja cha mhina, kisichogharimu hata shilingi, kinaweza kuwa sitara ya ua, malisho ya nyuki, harufu njema ya magharibi, na ngozi ya binti yako ikasalimika. Basi mwenye mti na ampe jirani yake kijiti masika haya, na asiye nao asione haya kuomba.

Twamuomba Allah azibariki nyua zetu na wanaoishi ndani yake, awape shifaa mabinti waliodhurika, na atujaalie kuwa wenye kupanda kabla ya kuondoka. Amin. Wabillahi tawfiq.